Nondo za Kwaresma

Yule dada wa ofisi ya rasilimali watu aliniomba niandike maneno machache ya kuingia kwenye kitabu cha historia ya kampuni. Alisema nusu ukurasa inatosha. Nikakaa nyumbani wiki mbili, nikaandika kurasa tisa kwa mkono, na mimi shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo kisieni wenyewe jasho lililonitoka. Kitabu kilipotoka nikakuta zimebaki sentensi mbili: kwamba nilifanya kazi kwa moyo, na kwamba nawashukuru viongozi. Ile ya pili sikuiandika mimi. Picha yangu ipo, ukurasa wa mwisho kabisa, nimesimama pembeni ya lori. Lori limetoka vizuri.

Sasa zile kurasa ninazo, na nimeongeza nyingine. Nawaandikia nyie mliobaki yadi, kwa sababu mnashika nondo zilezile nilizoshika mimi. Vyeo na mishahara nimeviruka. Vyeo sikupata vya kujaza mstari, na mishahara tuliijadili wenyewe kila mwisho wa mwezi kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Kitabu kinasema kampuni ilianza na ndoto. Mimi nilikuwepo karibu na mwanzo na ndoto sikuiona. Niliona duka la majembe, masufuria na misumari, na nyuma yake banda la mabati karibu na reli. Mwenye duka tulimwita Mzee Mkubwa. Alikuwa mtu wa mlimani kama mimi, na alikuwa na mkono wa birika. Sukari ya chai ya wafanyakazi aliipima mwenyewe, kijiko kikiwa kimelala. Ruksa ya biashara ilipokuja na bidhaa zikaanza kuingia, yeye akaona jambo moja: kila Mchagga aliyeko Dar, Mwanza au Arusha anataka nyumba ya zege kwenye kihamba cha baba yake, lile shamba la urithi, ili Krismasi akipanda mlimani asilale kwa kaka yake. Akaacha masufuria, akashika nondo. Ndoto ndiyo hiyo.

Siku ya kwanza nilishuka kutoka Marangu nimevaa viatu vya kaka yangu, vimenizidi namba mbili, mbele nimejaza magazeti. Wakanipa nondo moja nibebe begani mpaka kwenye lori. Nondo ina mita kumi na mbili. Ukiwa nayo begani ukageuka kidogo tu, mwisho wake wa nyuma unatembea mpaka kwa jirani. Mtu akaniita, nikageuka. Huko nyuma nikasikia birika la mama muuza chai likianguka, halafu vikombe, halafu mama mwenyewe akinitukana kwa Kichagga cha Kibosho, ambacho nilikielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Nikageuka kumwomba radhi, na mwisho wa mbele ukaingia kwenye kioo cha mlango wa ofisi.

Aliyekuja kunitua ile nondo ni msimamizi wa yadi, Mzee Athumani. Mtu wa Pasua, mtaa wa hapa Moshi, baba yake aliletwa mjini na kazi ya reli akabaki. Mwembamba, kofia ya kufuma, mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Glavu hakuvaa hata siku moja. Nikajua nimeshafukuzwa, nikaanza kuwaza nitakavyopanda mlimani na viatu vya watu. Yeye akaniangalia, akaangalia kioo.

"Mbeba nondo Mungu kampa macho ya mbele tu," akasema. "Ya nyuma inabidi uzae mwenyewe. Kaokote vikombe vya mama."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Kalipa, kile kipimo chenye midomo miwili, ilikuwepo moja tu na ilikaa ofisini ndani ya droo ya Mzee Mkubwa kama sakramenti. Kwa hiyo Mzee Athumani alitufundisha kuivisha nondo pete. Unaizungushia kidole gumba na cha shahada, unaona ncha ya gumba inaangukia wapi. Kwa nondo ya kumi, yaani unene wa milimita kumi, gumba linapita sana. Kwa ya kumi na mbili, linaishia mahali fulani juu ya kucha ya shahada. Mahali gani hasa, hakuna wa kukwambia, maana vidole vyako si vyangu. Unakaa na nondo za kweli wiki, mwezi, unazivisha pete mia kwa siku mpaka mkono unajua bila kukuuliza. Mimi ilinichukua miezi minne. Kuna jamaa mmoja alianza na mimi, yeye wiki tatu, lakini yule alikuwa na vidole vya mpiga gitaa, na kweli baadaye akatoroka na kwaya.

Baada ya pete inakuja mizani. Nondo ya kumi na mbili iliyo halali, ya mita kumi na mbili, ina kilo kumi na nusu na kidogo juu. Ukipima ukakuta nane na kitu, usitafute sababu kwenye mizani.

Na baada ya mizani inakuja rangi. Hili ndilo jambo ambalo nyie mmelikuta mkadhani limeshuka na mvua. Lilikuwa la Mzee Athumani. Wateja wetu wa mlimani milimita hawakuzijua, na mafundi wengi nao walijifanya tu wanazijua. Akatafuta makopo ya rangi, akaanza kuchovya vichwa vya nondo fungu kwa fungu: njano kumi, nyekundu kumi na mbili, bluu kumi na sita. Ndani ya miaka michache mlima mzima ulikuwa unanunua kwa rangi. Mama mmoja alishuka kutoka Rombo na karatasi ya fundi wake imeandikwa: nyekundu ishirini, njano kumi na tano. Milimita hakuna hata ya dawa. Nikacheka. Mzee Athumani hakucheka.

"Huyu mama hasomi kipimo, anasoma rangi," aliniambia baada ya mama kuondoka. "Ukimchovyea uongo, hana pa kukata rufaa."

Nataka niwe mkweli kwa Mzee Mkubwa, maana sukari yake nimeshaisema. Siku moja lilikuja lori limejaa nondo nyepesi. Mzee Athumani akavisha pete tatu, akapima mbili, akaenda ofisini. Mzee Mkubwa akatoka na ile kalipa ya droo, akapima mwenyewe, akamwambia dereva ageuze na mzigo wake. Tulikuwa hatuna nondo hata moja yadini, na wateja wamekaa kwenye kivuli wanasubiri. Mtu wa mauzo akalalamika. Mzee Mkubwa akamjibu kwamba mtu wa mlimani ukimuuzia uongo mwezi wa tano, Desemba mtakaa naye benchi moja kanisani, na mahubiri ya Krismasi ni marefu. Uaminifu wake ulikuwa huo, wa kuogopa benchi. Lakini ulifanya kazi.

Mzee Athumani aliondoka kwa sababu ya macho. Sukari, ile ya damu, ilianza kumla macho taratibu, na alipoanza kusalimia nguzo akaamua mwenyewe kurudi nyumbani. Mimi nikapewa yadi. Mzee Mkubwa naye hakukawia, akazikwa kihambani kwake, juu ya kaburi zege nene ambalo nondo zake nilichagua mimi, za kweli tupu. Kampuni ikashikwa na mwanawe, tukamwita Dairekta.

Mkitegemea niwaambie Dairekta alikuwa mtu mbaya, mtangoja. Alitujua majina, sisi na watoto wetu. Wazee aliwaamkia shikamoo kabla hawajamfikia. Chai iliwekwa sukari mpaka kijiko kikasimama. Chini yake tukapata geti la rangi, sare, tawi la Tarakea, na kile kibao pale mlangoni chenye dira upande mmoja na dhamira upande wa pili. Niliwahi kumuuliza tofauti yake, akanieleza nusu saa, nikamshukuru, na mpaka leo sijui. Jina nalo likarefuka. Zamani tuliitwa duka. Tukawa kampuni, tukawa kundi la makampuni, ingawa yadi ilikuwa ileile na mizani ileile.

Halafu zikaja nondo nyembamba.

Hazikuja kwa siri. Zilikuja mchana, kwenye lori, na Dairekta akaniita kabla sijaenda kumwita. Nilikuwa nimeshavisha pete. Gumba lilipita. Nikapima kwenye mizani, nane na nusu. Akaniambia anajua. Akanieleza kwamba kila duka mjini linauza hizo kwa jina la kumi na mbili, kwamba mteja akija kwetu akisikia bei ya nondo kamili anavuka barabara, kwamba wafanyakazi arobaini hawawezi kula heshima ya baba yake. Aliongea kwa upole, kama mtu anayenisaidia kubeba kitu. Mwisho akasema nichovye nyekundu.

Nikamwambia, Dairekta, nyekundu ni kumi na mbili.

"Baba Aika," akasema, "nyekundu ni rangi."

Nikachovya. Naliandika hivyo kwa neno moja kwa sababu halikuchukua zaidi. Sikugoma, sikukohoa hata. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na paa la nusu. Lakini sitaki kujificha nyuma ya watoto, maana wengine wenu mna watoto na mtakuja kuulizwa swali lilelile.

Nilichofanya zaidi ya kuchovya ndicho kibaya zaidi. Makuli walikuwa wamenyamaza, wanaangalia kopo la rangi, kila mmoja amevisha pete yake kimyakimya na anajua. Ule ukimya ulikuwa mzuri. Ungeachwa ukae siku mbili, pengine ungezaa mtu. Mimi, kwa kuwa siwezi kuona ukimya nisiuchokoze, nikasema, jamani, msiwaonee hizi nondo, zimefunga Kwaresma, ndiyo maana zimekonda. Yadi nzima ikaangua kicheko. Kuanzia hapo jina likakaa. "Toa Kwaresma mafungu matano." Tulisema mbele ya wateja, nao wakadhani ni jina la kiwanda. Mzee mmoja mwinjilisti alifurahi kabisa, akasema ni vizuri wenye viwanda kumkumbuka Bwana. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Watu wanasema kicheko ni dawa. Ni kweli, ni kama ile ya meno: unang'olewa na huhisi.

Nondo za kweli hazikuisha yadini. Tuliziweka nyuma ya karakana, za wakandarasi wakubwa wanaokuja na mainjinia na mashine ya kupimia. Mwenye mashine alipata chuma. Mwenye karatasi ya fundi alipata rangi.

Mambo yakaenda hivyo miaka kadhaa, na mimi nikawa nalala vizuri tu, msije mkanipamba.

Siku moja asubuhi bajaji ikasimama getini, akashuka Mwanaidi, binti mkubwa wa Mzee Athumani, anamshika baba yake mkono. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Mwanaidi alikuwa amefiwa na mume, amerudi nyumbani Pasua na watoto watatu, na mzee alikuwa ameamua kuwajengea vyumba viwili uani. Juu vifunikwe kwa zege badala ya bati, baadaye Mungu akijalia wapandishe ghorofa. Alikuja kununua nondo za ile slabu.

Yadi yote ilisimama kumwamkia. Nisiwaambie uongo, nilifurahi kweli. Mwaka ule wote watu wa Pasua walikuwa wananisimulia habari zake: mafundi walikuwa wanampelekea nondo nyumbani kabla ya kujenga, anakaa kibarazani, anazivisha pete moja baada ya nyingine, anatenga. Hana macho, na mtaa mzima unamtegemea aone. Yeye mwenyewe alikuwa hajagusa nondo zetu. Hakuna aliyempelekea, kwa sababu za kwetu zilikuwa na rangi, na rangi haikuhitaji kupimwa.

"Anaeli," akaniambia, "mimi ni mteja leo. Nichagulie kumi na mbili, kama ungejichagulia wewe."

Dairekta akatoka ofisini na shikamoo yake, akaagiza soda. Akasimama hapohapo na sisi, kwa heshima kabisa. Mzee Athumani hakungoja soda. Akachuchumaa kwenye fungu lenye vichwa vyekundu, akapapasa, akaishika moja, akaivisha pete.

Akaiachia, akaivisha ya pili. Akabadilisha mkono. Mwanaidi alikuwa anaongea na Dairekta habari za watoto. Mimi nilikuwa naangalia lile gumba lake. Lilipita, likarudi, likapita.

"Anaeli," akasema polepole, "hii ni kumi na mbili?"

Za kweli zilikuwa nyuma ya karakana, hatua hamsini. Ningesema tu, ngoja mzee, hizi si zako, nifuate huku. Dairekta asingenifukuza mbele ya mzee yule. Hata ningefukuzwa. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mbili, nazikumbuka zote mbili.

"Ni kumi na mbili, mzee."

Alibaki amechuchumaa. Halafu akacheka kidogo, akanyoosha ule mkono mbele yake kana kwamba anaweza kuuona.

"Basi na mikono nayo imeanza kufuata macho," akasema. "Pakia, mwanangu."

Nikajiambia nitabadilisha wakati wa kupakia. Mwanaidi na baba yake wakaenda ofisini kunywa soda, lori likasogezwa, na nilikuwa na saa nzima. Nikaenda kuhesabu mabati ambayo nilikuwa nimeyahesabu jana yake. Niliporudi lori limefungwa kamba.

Siku ya kumwaga zege nilialikwa. Kuna wanaume wa mtaa, kuna pilau, kuna akina mama wanasomba maji, fundi Shayo yuko juu ya mbao anaelekeza. Nondo zimelala kule juu zimefungwa waya, safi, vichwa vyekundu vimechungulia pembeni. Mzee Athumani akasema karai la kwanza alimwage Anaeli, kwa kuwa ndiye aliyechagua chuma. Watu wakapiga makofi. Nikapanda ngazi, nikamwaga. Nikatoa na utani kidogo, sikumbuki upi. Watu walicheka.

Mwaka haukuisha, ukatokea ufa kwenye kona. Mwanaidi akapaka plasta. Ukatokea wa pili katikati, na ukikaa mlangoni ukaangalia vizuri unaona slabu imeanza kulegea tumbo. Habari hizo nilizipata kwa mafungu, kila nilipokwenda kusalimia, na nilipunguza kwenda. Lawama aliibeba fundi Shayo. Mtaa ukasema alizidisha maji kwenye zege, na mzee naye akasema hivyohivyo, kwa sababu chuma alikuwa na uhakika nacho. Alikuwa amekisikia kwa mdomo wangu. Fundi akakosa kazi Pasua, akahamia Tarakea kufunga mageti. Ghorofa haikupandishwa. Mwanaidi na watoto waliendelea kulala humo, wangelala wapi.

Na Mzee Athumani aliacha kupima. Fundi akileta nondo anamwambia arudishe, mikono imekufa, asije akamponza. Kile kiti cha kibarazani kikahamishiwa ndani. Hayo aliniambia Mwanaidi mwenyewe, akinisimulia kama habari ya ugonjwa: "Baba mdogo, njoo umchangamshe, wewe unamwezaga." Nilikwenda, nikamchangamsha. Nilikuwa hodari wa hilo.

Miaka mitano. Katikati hapo kampuni iliuzwa nusu kwa watu wa Dar, ikapewa nembo mpya, zikaja kompyuta na nyie mkaja nazo. Dairekta akawa mwenyekiti. Mimi nikafika umri, nikaagwa pale chini ya turubai, nikapewa saa ya ukutani, nikatoa hotuba ya vichekesho. Mlicheka sana, nawashukuru. Halafu mkanikabidhi kile kitabu cha historia, bado kina harufu ya wino.

Kwenye jalada wameweka picha ya nondo zetu zimepigwa kwa mbele, vichwa vyekundu mamia, vimejipanga kama macho ya samaki. Chini yake wameandika kwamba sisi ni uaminifu tangu siku ya kwanza. Nilikaa na kile kitabu mezani. Mama Aika akaniuliza kama naumwa, kwa kuwa nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kusema upuuzi wowote. Nikamweleza yote. Ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Watoto wa Mwanaidi bado wanalala mle?"

Kesho yake nikakata sale kwenye mpaka wa kihamba. Kwa msiojua, kwetu ukikosea mtu unampelekea jani la sale, na akishapokea hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ndiyo maana sisi wakosaji tunalipenda sana. Nikachukua na vipande viwili vya nondo, cha kweli na cha Kwaresma, urefu wa dhiraa moja kila kimoja, nikavifunga kwenye gazeti, nikashuka Pasua. Njia nzima nilikuwa naandaa namna ya kuanza, na kila nikianza inatoka kichekesho.

Nilimkuta amekaa kitandani, redio imewashwa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya mlimani na kama mvua imefika. Nikamwekea lile jani mkononi. Akalipapasa, akanusa. Mtu aliyekaa Moshi maisha yake yote analijua sale, hata kama si Mchagga.

"Umenikosea nini wewe," akauliza, na sauti yake bado ilikuwa na utani.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya lori la kwanza, ya rangi, ya nyuma ya karakana, ya lile jina nililotunga. Nikamwambia habari ya siku ile aliyochuchumaa. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Aliposikia nimefika mwisho akaizima.

"Hili jani mpelekee Mchagga mwenzako," akasema, akaliweka chini sakafuni, wala hakulitupa. "Mimi nipe chuma."

Nikamfungulia gazeti. Akachukua kipande kimoja, akakivisha pete, akakiweka kushoto. Akachukua cha pili. Gumba likapita, likatulia.

"Hii ya kushoto ni kumi na mbili," akasema. "Hii ndiyo uliyoniuzia."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo siku ile nilikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, mzee."

Nilitegemea hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimevaa hata shati la zamani. Yeye akakaa na kile chuma magotini, anakivisha pete, anakiachia, anakivisha, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukizika. Karibu atabasamu. Halafu nikaona wazo la pili limemfikia.

"Mwanaidi," akaita.

Mwanaidi akaja na mikono ya unga.

"Watoto wanalala wapi?"

"Si mle uani, baba. Chumba chao."

"Watoe."

"Leo?"

"Sasa hivi. Vitanda, nguo, kila kitu. Asiingie mtu tena mle." Akaninyooshea kidole mahali nilipokuwa, sawasawa kabisa. "Huyu atakusaidia kubeba. Atakwambia kwa nini."

Nikamwambia Mwanaidi tukiwa uani, tumeshika kitanda cha chuma, yeye kichwani mimi miguuni. Hakukiachia. Tulikitoa, tukarudi kuchukua cha pili. Tulipomaliza vitanda vitatu na kabati alikwenda kunawa ule unga, na tangu hapo hajaniita baba mdogo.

Nilimfuata fundi Shayo Tarakea. Hayo tuliyoambiana siyaandiki. Alikuwa na haki. Alirudi na mimi. Sasa ni wiki ya tatu, kila asubuhi tunabomoa slabu kwa nyundo, polepole, kuanzia katikati, tumeweka mirunda chini isitushukie. Zile nondo zinatoka zimejikunja. Nyingine kichwani bado nyekundu. Mpya nimenunua, nimezipima moja moja, na Mzee Athumani amehamishia kiti chake kibarazani, anazirudia zote baada yangu. Mpaka sasa amekataa mbili. Alikuwa sahihi kwa zote mbili.

Nyie wa yadi, kalipa siku hizi ziko nyingi, hazikai kwenye droo. Ombeni. Ukikuta fungu limechovywa siyo, liseme siku hiyohiyo, kabla hujalitungia jina.

Saa nne Mwanaidi huleta chai. Anampa baba yake, anampa fundi Shayo, anarudi ndani. Mimi naendelea na nyundo.